Cherehani ya mjane si ya kuwekwa rehani

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kushona hapa Maweni, Malindi, na mshirika wa kanisa ambalo sitalitaja. Kikundi chetu cha mikopo, kinachosimamiwa na wazee wa kanisa, kilimkopesha jirani yangu, mama mjane, pesa za karo. Alipochelewa kulipa, wanakamati waliingia hadi chumbani wakabeba cherehani. Deni liko palepale, na kitu cha kumpatia pesa za kulilipa kimefungiwa stoo ya kanisa pamoja na viti vya plastiki.

Nilipouliza nikajibiwa kwamba mama alitia sahihi mwenyewe, na tena Torati imepita, sisi tuko chini ya neema. Haya. Mbona Jumapili iyo hiyo tulisomewa Malaki 3:10, tulete zaka kamili ghalani? Malaki naye alikuwa akiwakumbusha Wayahudi sheria ya Musa.

Basi na tufungue Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6 unakataza kushika jiwe la kusagia, kwa kuwa huo ni uhai wa mtu. Unga ulisagwa nyumbani. Ukiondoka na jiwe la juu peke yake, la chini halina kazi tena na watoto hawali. Mstari wa 10 na wa 11 vinamwamuru mkopeshaji asimame nje, mdaiwa amtolee rehani kwa mkono wake. Hapo ndipo huwa nasita nikisoma: maskini kaachiwa heshima ya mlango wake. Mstari wa 17 unasema nguo ya mjane isichukuliwe kabisa.

Watu waliivunja, bila shaka. Amosi 2:8 anawashutumu waliojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Na mwaka 1960, katika magofu ya ngome ya pwani karibu na Yavne-Yam, Israeli, kilipatikana kigae cha chungu chenye maandishi ya Kiebrania, cha karne ya 7 kabla ya Kristo. Humo mvunaji anamlalamikia mkuu wake kwamba mtu aitwaye Hoshayahu amemnyang'anya vazi, ilhali kazi aliyopewa ameimaliza na wenzake ni mashahidi. Kesi yake haikuwa ya mkopo, lakini uchungu ni ule ule.

Sisemi Wakristo tuishike Torati yote. Mitume waliketi Yerusalemu (Matendo 15) wakakataa kuwatwika watu wa mataifa nira hiyo. Ila Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, alijibu kwa maneno ya Torati, na waliokula nyumba za wajane aliwakemea hadharani. Na kama zaka ndiyo tunayoitaka, basi tuisome yote: Kumbukumbu 14:28-29 inaagiza ya mwaka wa tatu iwekwe mjini, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hilo sijalisikia mimbarini.

Kikundi kinakutana Jumapili baada ya ibada. Nitaomba cherehani irudishwe, deni lilipwe kidogo kidogo, na kwenye fomu zetu vifutwe vyombo vya kazi: cherehani, nyavu, mkokoteni wa maji, karai la mahamri. Anayetaka dhamana achukue televisheni, tena asubiri nje.

Fundi wa kushona,
Maweni, Malindi