Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda Gisozi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia umefika salama kwa mama yako mdogo. Umeuliza kama unaweza kwenda Gisozi, hapo Kigali, na binamu zako Jumamosi, mpite kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kwa saa moja, halafu mwende kucheza kikapu. Hapana. Nataka uende Gisozi, tena nataka sana, ila siyo kwa kupita. Nakuandikia namna ya kuipanga siku hiyo, pamoja na mambo madogo ya Kigali ambayo usipoyajua yatakuvurugia ratiba.

La kwanza ni saa. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja nzima. Simu hujirekebisha ikishika mtandao wa kule, saa ya mkononi hairekebishiki yenyewe. Tukipanga kuzungumza saa 2 usiku, tuambizane ni saa 2 ya huku au ya huko.

La pili ni barabara. Tangu ulipovuka mpaka pale Rusumo magari yanapita kulia. Wewe umezoea kuangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka, na huko hatari ya kwanza inatoka kushoto. Kosa hili halitokei siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza mtu yuko macho. Hutokea wiki ya pili, ukiwa na spika za masikioni, akili iko kwenye muziki. Zitoe kila unapovuka. Ukipanda pikipiki, abiria ni mmoja tu na helmeti ni lazima. Funga mkanda wa kidevu mwenyewe, vuta uone umeshika, halafu kubalianeni nauli kabla dereva hajawasha. Ukifika shukia upande wa kulia, ulio karibu na ukingo wa barabara.

Julai na Agosti ni kiangazi cha huko. Mchana jua linawaka na vumbi ni jingi, lakini mji uko kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,500, na jua likizama baridi inashuka ghafla. Sweta likae kwenye mkoba hata kama saa 8 mchana unajiona mjinga kulibeba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, basi usifungie nguo chafu za michezo kwenye mfuko wa aina hiyo. Tumia wa kitambaa. Na usile ukitembea barabarani. Hakuna atakayekukamata, ila wenyeji huona ni utovu wa adabu. Kaa chini, kula, kisha endelea.

Sasa hiyo Jumamosi yako. Nimeangalia kalenda, ni ya mwisho wa mwezi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, na Gisozi penyewe siku hiyo hufunguliwa mchana, kuanzia saa 7. Mkifika saa 7 mkiwa na mechi ya saa 9, mtakimbia ndani kama watu waliochelewa basi. Asubuhi hiyo nenda umuganda na mama mdogo, shika jembe au fagio uzibue mtaro na majirani. Gisozi chagua siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Milango hufunguliwa saa 2 na kufungwa saa 11 jioni, lakini saa moja ya mwisho hawaingizi watu wapya. Kuingia ni bure. Kifaa cha kusikilizia maelezo kinalipiwa, na kibali cha kupiga picha ndani kinalipiwa pia. Lipia kifaa, kibali achana nacho. Ukiwa na simu mkononi macho yako yatatafuta pembe ya picha badala ya kusoma.

Asubuhi hiyo kula ushibe. Watu huenda na tumbo tupu wakidhani ndiyo heshima, kisha kizunguzungu kinawakamata katikati ya vyumba vyenye giza. Kunywa maji kabla ya kuingia. Vaa suruali na viatu vinavyotembea vizuri, kwa sababu bustani iko kwenye mteremko. Bukta ya kikapu iache nyumbani. Mwambie dereva wa pikipiki “Urwibutso, Gisozi”, yaani kumbukumbu ya Gisozi, ataelewa. Tenga saa 3, na baada ya hapo usipange kitu chochote kwa siku hiyo.

Mtakaguliwa mikoba, kisha mtaonyeshwa filamu fupi ya manusura. Baada ya filamu nenda kwanza nje, makaburini. Ni slabu pana za zege, na chini yake wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliokusanywa kutoka pande zote za Kigali, kwenye mashimo, vyoo na mitaro ya barabarani. Jeneza moja mara nyingi limebeba mabaki ya watu kadhaa, maana haikuwezekana kuwatenganisha. Kuna ukuta wa majina ambao sehemu kubwa yake haina jina, kwa kuwa familia nyingi ziliuawa zote na hapakubaki wa kutaja. Usikae wala kukanyaga juu ya slabu, hata kama jua linakuchoma na ukingo wake unaonekana kama kiti.

Ndani ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Maelezo ya ukutani yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na ni mengi. Chagua lugha moja ubaki nayo. Wageni wengi hupita haraka kwenye historia, wakiweka nguvu kwa ajili ya vyumba vya mafuvu na nguo. Wewe fanya kinyume. Nguvu zako zitumie kwenye ukuta unaoeleza miaka ya kabla ya Aprili 1994. Mafuvu yatakuonyesha kwamba watu waliuawa, jambo ambalo unalijua tayari. Ukuta ule ndio unaoonyesha jinsi jirani alivyotayarishwa, hatua kwa hatua, kumuua jirani yake.

Tafuta kitambulisho. Wabelgiji, waliochukua Rwanda kutoka kwa Wajerumani, waliingiza miaka ya 1930 vitambulisho vyenye kutaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hiyo ndiyo iliyoamua nani apite na nani auawe. Simama hapo usome kitambulisho kizima, mstari kwa mstari. Kiliandikwa na karani aliyeketi ofisini, siku ya kawaida ya kazi.

Kisha tafuta gazeti la Kangura, lililochapisha Desemba 1990 zile ziitwazo amri kumi za Wahutu: usioe Mtutsi, usifanye naye biashara, usimwonee huruma. Na zaidi ya yote tafuta redio ya RTLM. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na vijana waliipenda. Ilipiga muziki mzuri wa Zaire, watangazaji walikuwa wachangamfu, wasikilizaji walipiga simu hewani, utani ulikuwa mwingi. Ndani ya utani huo Watutsi waliitwa mende. Mauaji yalipoanza, redio hiyohiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Soma sehemu hiyo ukikumbuka makundi yako ya simu, zile klipu mnazotumiana usiku kucha likizo hii na vicheko vinavyofuata. Angalia pia ni nani waliojaa kwenye Interahamwe, wanamgambo waliofanya mauaji: tawi la vijana la chama tawala, wengi wao wa umri wako au waliokuzidi kidogo. Kosa la uchochezi wa vyombo hivi lilihukumiwa hapa kwetu, Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, Desemba 2003. Mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu ya kwanza ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, dhidi ya meya Jean-Paul Akayesu, 2 Septemba 1998.

Hatukuwa mbali na jambo hili, mwanangu. Makubaliano ya amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF yalisainiwa Arusha, 4 Agosti 1993. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, iliyodunguliwa usiku wa 6 Aprili 1994 na mauaji yakaanza, ilikuwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Na ule mto uliouvuka Rusumo, Akagera, unapokea maji ya mto Nyabarongo. Miili iliyotupwa Nyabarongo ilipita chini ya daraja lile, ikashuka hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa ziwa letu waliiona. Upande wa Uganda ilizikwa kwa maelfu. Siku mbili za mwisho wa Aprili, karibu watu 250,000 walivuka daraja hilohilo kuingia Ngara, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wametoka kuua.

Usiache pia kibao cha Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Januari 1994 aliandikia New York kuhusu silaha zilizofichwa na Watutsi waliokuwa wakiorodheshwa. Akakatazwa kwenda kuzikamata. Tarehe 21 Aprili, watu wakiwa wanauawa kila saa, Baraza la Usalama lilipunguza askari wake hadi 270. Katika siku 100 waliuawa zaidi ya watu milioni 1 kwa hesabu ya serikali ya Rwanda.

Ukimaliza hapo ndipo uingie vyumba vitatu vya pembeni: picha zilizoletwa na familia, mifupa, nguo. Kaa kwenye picha muda mrefu kuliko kwenye mifupa. Ni picha za harusi, za vipaimara, za watu waliojipanga mbele ya kochi. Juu kuna maonyesho ya mauaji ya kimbari ya nchi nyingine, yakiwemo ya Waherero chini ya Wajerumani huko Namibia; hayo ukichoka yapitie haraka, unaweza kurudi siku nyingine. Chumba cha watoto usikipite haraka. Chini ya kila picha kubwa kuna kibao kifupi: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake, na mwisho jinsi alivyouawa. Usijaribu kusoma vyote. Soma viwili au vitatu kikamilifu, kisha toka.

Ukilia, lia. Usipolia si kasoro. Kuna wanaokuja kulia siku tatu baadaye wakipiga pasi. Wapo pia wanaocheka kwa wasiwasi, hasa wakiwa kundi, ndiyo maana nakuambia usiende na binamu watano. Nenda na mama mdogo au binamu mmoja mtulivu, na muingie kila mmoja kwa mwendo wake, mkutane bustanini. Ukisikia manusura au mgeni mwingine amezidiwa, usimkumbatie bila kuulizwa wala usimpige picha. Mjulishe mhudumu, wamefundishwa la kufanya.

Na sasa mdomo. Usimuulize mtu yeyote Rwanda yeye ni kabila gani. Vitambulisho vya sasa havitaji, na swali lenyewe linaumiza. Usimuulize dereva alikuwa wapi mwaka 1994. Mwenye kutaka kukusimulia atakusimulia, na wewe utanyamaza usikilize hadi amalize. Usiite yaliyotokea “vita vya makabila”. Kuyakana au kuyapunguza ni kosa la jinai huko, na zaidi ya sheria, unakaa nyumba moja na majirani ambao huenda hawana ndugu hata mmoja aliyebaki.

Nyamata iache hadi wiki mbili baadaye. Ni kilomita 30 na kitu kusini, basi unapanda Nyabugogo. Ni kanisa ambamo maelfu ya watu walikimbilia wakauawa humo, na paa la bati bado lina matundu yanayoingiza mwanga. Nguo za waliouawa zimehifadhiwa pale, na ngazi za kushuka makaburini nyuma ya kanisa ni nyembamba na kali, kwa hiyo shikilia. Nje kuna kaburi la Mwitaliano Tonia Locatelli, aliyeuawa Machi 1992 baada ya kuieleza dunia kwa simu kwamba Watutsi wa Bugesera wanauawa. Angalia tarehe hiyo vizuri: miaka miwili kabla. Murambi, kumbukumbu nyingine, usiende mwaka huu, hata binamu zako wakikushawishi. Miili imehifadhiwa kwa chokaa, na sioni haja ya kuibeba picha hiyo ukiwa na miaka 18.

Kikapu mcheze Alhamisi kama siku ya Gisozi ni Jumatano. Jioni ya Jumatano nipigie, saa 2 ya huko, uniambie umesoma nini kuhusu ile redio. Mpe mama mdogo salamu zangu, na ile kanga aliyoagiza iko chini kabisa ya begi lako, imefungwa ndani ya shuka la bluu.

Baba yako