Programu ikizingua ituambie kitu cha kueleweka

Mhariri, naomba kanafasi niseme na vijana wanaotuuzia programu za mauzo hapa Moshi. Jamani, waya wa printa ukichomoka tu kinaruka kiboksi kimeandikwa 0x80004005, na hiyo kwenye Windows maana yake ni kosa lisilojulikana basi, sasa muuza vitenge wa Mbuyuni aifanyie nini? Unabonyeza OK programu inajifunga na ankara yote imeenda.

Makosa yapo, sikatai. Ila wekeni sehemu moja ya kudaka yale msiyoyategemea, iandike kwenye faili la logi (daftari la kumbukumbu la programu yenyewe) ilikuwa inafanya nini na saa ngapi, ihifadhi rasimu ya ankara pembeni (sio juu ya faili la zamani, data inaweza kuwa imeshaharibika) halafu ndo ijifunge, ukiwasha ikuulize kama uendelee na rasimu. Kuna wanaodaka kosa wakakaa kimya, programu inaendelea kama hakuna kilichotokea, hao ndo balaa zaidi, stoo inasoma magunia ambayo hayapo! Printa ikikata semeni hivi: "Printa haipatikani, angalia waya, ankara yako ipo salama." Na fundi wa Arusha nikimpigia asome logi, asiniulize mimi iliandika nini.

Mwenye duka, Mbuyuni, Moshi