Shukrani kwa dada wa fiziotherapia

Dada yangu uliyetuhudumia wodini hapa Mwanza, jina ulikataa kututajia, asante. Baba yetu, mvuvi wa Igombe, TB ilipona ikamwachia makovu na makohozi mazito. Ulimlaza ubavu, pafu lenye makohozi likiwa juu, mito chini ya nyonga ili kifua kiinamie chini na makohozi yateremke kwenye njia kubwa, ayakohoe. Ukatufundisha kumpigapiga kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, mbali na uti wa mgongo na figo, tena kabla ya kula, si ameshiba ugali kwa sato! Na ulimuuliza kwanza habari za moyo na presha, maana kuinamisha kichwa hakumfai kila mgonjwa. Sasa mama ndiye fundi. Wabeja sana, dada.