Kahawa ya Shayiri

Bad Wörishofen, Ujerumani, Jumapili

Mama, shikamoo.

Hela nimetuma jana, laki tatu, kwa simu ya Manka. Ni za dawa zako na choo. Deo asiziguse.

Mama, mwanao nimekunywa chai mahali ambapo watu wanalipa ili walale karibu na miti. Usicheke. Alfajiri wanavua viatu, watu wazima na pesa zao, wanatembea kwenye nyasi zenye umande. Kisha wanaingia kwenye kidimbwi cha maji baridi mpaka chini ya magoti, wanainua mguu mmoja mmoja kama korongo. Na mimi nikaingia. Ubaridi ule ni wa mfereji wetu wa mfongo kabisa, tulipokuwa tunavuka na majani ya ng'ombe kichwani. Kumbe tulikuwa tunatibiwa bure!

Dawa hiyo ni ya padre wa hapa hapa, Sebastian Kneipp, aliyefariki mwaka 1897. Alipokuwa mwanafunzi aliugua kifua, akawa anajitumbukiza mto Danube kwenye baridi kali, akapona. Mwambie katekista.

Mezani wakaleta soseji nyeupe za nyama ya ndama, zinaelea kwenye bakuli la maji moto. Unazipasua, unazimenya ngozi kama ndizi, unachovya kwenye haradali tamu. Ndicho chakula chao cha asili cha asubuhi, na wanasema soseji hiyo haitakiwi kusikia kengele ya saa sita mchana. Nilikula tatu. Mtori wako unazishinda, lakini nilikula tatu.

Sasa kahawa. Nikamiminiwa kikombe, nyeusi, inafuka. Mama, ni shayiri! Shayiri ya kukaanga. Yule padre ndiye aliyekuwa akiisifia. Mimi, niliyesomeshwa kwa magunia ya kahawa ya Baba, nimekunywa shayiri na kusema asante. Bibi ninayemtunza (mgeni ni yeye, mimi nasukuma kiti chake) aliniona uso akacheka mpaka akakohoa.

Hapo nikamkumbuka Deo na panga lake. Ati kahawa ya Baba ing'olewe ajenge fremu za maduka! Huko ndani kwenye migomba nani atanunua, kima? Hilo tungeongea. Lakini kunijibu kwenye grupu, shangazi wote wanasoma, kwamba aliye mbali hana sauti kwenye kihamba, shamba la familia? Bati analolalia chini yake nimelinunua mimi. Ndiyo maana nilijitoa, na sirudi.

Kazi ni nzuri, mgongo tu.

Tiketi ya Desemba nimeshakata. Kama Deo anataka tuongee, masale anajua yalipo, pale mpakani karibu na kaburi la Baba. Akate jani moja la kuombea msamaha, aje nalo uwanja wa ndege wa KIA kunipokea. Na Manka anikaangie kahawa ya nyumbani, aitwange mwenyewe. Ya dukani asinipe.

Mwanao,
Anjela