Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2023: Sarafu za Uhuru Zilizopita Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nchi yetu imetimiza miaka 60 ya uhuru, na mtakumbuka kwamba kwenye kikao cha kwanza tulikubaliana kazi ya mwaka mzima iwe moja: kutafuta, kutambua na kuandika habari za sarafu na medali za maadhimisho ya uhuru zilizoko majumbani mwa watu hapa Mombasa. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba chama hakidaiwi na mtu, na ada za wengi zimeingia.

Tulianzia kwenye sarafu inayowachanganya watu kuliko zote, shilingi tano ya 1973, iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru. Wengi huichukulia kuwa ni ile shilingi tano ya Moi iliyoanza 1985. Ya 1985 ni nyeupe na ina pembe saba. Ya 1973 ina rangi ya njano, ina kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta, na pembe zake ni tisa. Msiulize umri wala ukubwa. Hesabuni pembe.

Mwezi wa Mei binti mmoja wa Mji wa Kale alituletea kibweta cha bibi yake aliyefariki. Ndani mlikuwa na vifungo vya kanzu, kipini kimoja cha dhahabu, na kitu kidogo kilichofungwa kwa pindo la leso. Alipokifungua, kikatoka kipande cha njano kilichong'aa mno. Nikampa ahesabu pembe mwenyewe. Akapitisha ukucha ukingoni, akafika tisa, akarudia kuhesabu. Juu ya kichwa cha Mzee palikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari, na kingo zake zimelainika kwa uzi uliopita hapo miaka na miaka. Mama yake binti huyu aliivaa shingoni alipokuwa mtoto, na kila sikukuu bibi aliisugua kwa ndimu na jivu.

Mmoja wetu alisema palepale kwamba sarafu imeharibika. Kwa mnunuzi, amesema kweli: tundu na msuguo huondoa karibu thamani yote. Lakini nilisema siku ile, na sasa naliweka kwenye maandishi, kwamba chama chetu si duka. Sarafu ya maadhimisho hutengenezwa ili mwananchi ashike siku ya taifa lake kiganjani. Bibi yule aliishika kuliko alivyotarajia yeyote aliyeichora, akamvisha mwanawe. Hiyo nayo ni historia, na isipoandikwa sasa itazikwa pamoja na wenyewe. Kwa hiyo tumeanzisha kadi: kila kipande kinacholetwa kinaandikiwa kilikotoka, nani alikuwa nacho, alikipataje na alikifanyia nini. Kadi ya kwanza ni ya sarafu hiyo yenye tundu. Yenyewe tulimrudishia binti, kwa kuwa ni yake.

Sarafu ya arubaini ya 2003 ilitupa kazi nyingi zaidi, maana wengi wetu tuliiona ikitoka. Ni ya metali mbili, imeandikwa shilingi 40 kwa miaka 40, na ina kichwa cha Rais Mwai Kibaki, ambaye wakati huo hata mwaka hakuwa amemaliza Ikulu. Hatukumwona kwenye sarafu nyingine za kutumia, kwa sababu zilizofuata 2005 zilirudi kwa Mzee Kenyatta. Yangu ya kwanza nilimpa makanga wa matatu ya Likoni. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Mama, hii siijui, nipe ingine." Nikairudisha mkobani na haijatoka tangu siku hiyo. Tulipowauliza jirani na jamaa, karibu kila mmoja alikuwa na kisa cha namna hiyo: ilikataliwa dukani, au mwenyewe aliionea huruma kuitumia, ikabaki kabatini. Nadhani tatizo lilikuwa ni hesabu yenyewe. Wenzetu wa Tanzania mwaka 1981 walitoa shilingi 20 kwa miaka 20, na ishirini ni hesabu ya sokoni. Arubaini haikuzoeleka, kila mwenye duka alilazimika kufikiri kabla ya kurudisha chenji.

Zile za dhahabu za 1966, za shilingi 100, 250 na 500, hatukuletewa hata moja na sikutarajia. Isitoshe, hizo ziliadhimisha Mzee Kenyatta kutimiza miaka 75, si siku ya taifa, ingawa wauzaji huzichanganya.

Upande wa medali tumepiga hatua ndogo. Baadhi ya familia za askari wa zamani zinazo, ila huogopa kuzitoa zikidhani tutataka kununua. Nawaomba mnaowajua muwaeleze tofauti: sarafu ina thamani iliyowekwa kisheria, medali haina, na heshima yake yote iko kwa aliyetunukiwa. Tunachoomba ni kuiona, kuipiga picha na kuandika jina la aliyetunukiwa.

Sasa jambo lililoniumiza. Jamaa wa mwanachama wetu aliahidiwa kwa simu kwamba sarafu yake ya arubaini itanunuliwa kwa mamilioni, mradi atume kwanza pesa za "usajili". Alituma mara mbili. Hakuna mnunuzi wa kweli anayedai ada kwa mwenye mali. Waambieni wazee wenu wiki hii hii, msingoje mkutano.

Kuhusu utunzaji, hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Acheni kusugua, iwe kwa ndimu, dawa ya meno au majivu. Shikeni ukingoni. Msiweke kwenye mifuko laini ya plastiki, kwa sababu baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula metali. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wekeni kwenye kopo pamoja na sarafu zenu.

Kwa mwaka ujao nina pendekezo moja la kupigiwa kura. Katiba ya 2010, ibara ya 231, imekataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na tangu Desemba 2018 tuna twiga, kifaru, simba na ndovu. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ila inatuachia swali ambalo mababa zetu hawakuulizwa: sarafu ya uhuru isiyo na uso wa rais ichorwe nini? Napendekeza tuwaombe watoto wa shule za jirani watuchoree, na michoro itundikwe kwenye mkutano wetu wa Disemba ijayo, karibu na kadi zetu.

Kadi tupu ziko kwa katibu. Kila mwanachama achukue mbili kabla ya kuondoka: moja ya sarafu yake, moja ya jirani yake.

Mwenyekiti,
Mombasa, Desemba 2023