Okidi ya madoa ya chui isizikwe kwenye udongo

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wanaonunua okidi kando ya barabara. Ile yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, huuzwa ikiwa fungu la mashina lililobanduliwa mtini. Mnunuzi huipeleka nyumbani, akaizika kwenye ndoo ya udongo mweusi na kuimwagilia kila siku. Haipiti miezi mingi mashina yanalegea, yananuka, na mmea umekwisha. Kule porini nako mti umebaki mtupu.

Okidi hii si mmea wa ardhini, wala si kirukia. Hainyonyi kitu katika mti. Inashika gome tu. Huota kwenye panda za mibuyu na miti mingine mikubwa, toka misitu ya pwani hadi nyanda za bara, penye joto, mwanga mwingi na kiangazi cha kweli. Mashina yake, marefu kama nusu mita na pengine zaidi, ndiyo ghala lake la maji. Mizizi minene hushika gome. Ile myembamba myeupe husimama wima kama sindano, ikinasa majani makavu yanayodondoka, nayo yakioza yanakuwa chakula chake. Wako wanaoikata wakidhani ni uchafu. Tafadhali iacheni.

Kwa hiyo ipe mazingira ya mtini. Chukua chungu chenye matundu ubavuni au kikapu cha waya, kisizidi mmea kwa zaidi ya vidole vitatu kila upande. Changanya vipande vya makumbi ya nazi sehemu mbili na mkaa sehemu moja, kila kipande kama kidole gumba, na vumbi lote ulichekeche litoke. Makumbi yaloweke siku tatu ukibadilisha maji kila siku, kwa sababu yana chumvi inayounguza ncha za mizizi. Mashina yakae juu ya mchanganyiko, yasifukiwe, na uyafunge kwenye kijiti mpaka mizizi ishike. Mwenye mwembe uani anaweza kuufunga mmea moja kwa moja kwenye panda.

Jua la asubuhi hadi kama saa nne linaufaa, kisha kivuli chepesi. Majani ya kijani kibichi yaliyokolea na kulegea yana maana kwamba mwanga hautoshi, na hapo usitegemee ua. Yakielekea umanjano kidogo, ni sawa. Mabaka makavu ya kahawia ni kuungua.

Maji ndipo wengi wanapokosea. Chipukizi zikiwa zinakua, mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, na uache mchanganyiko ukauke kabla ya kurudia. Maji yakilala ndani ya chipukizi changa huoza, na ukiivuta inang'oka yenyewe. Katika kipindi hicho mbolea ya NPK 20-20-20, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10 za maji, kila baada ya wiki mbili inatosha. Mashina yakishakomaa, acha mbolea na umwagilie mara moja kwa wiki mbili, kwa muda wa miezi miwili hivi. Asiyeupa mmea kiu hiyo atapata majani mengi bila maua.

Anayetaka kuongeza miche asubiri fungu lifike mashina manane na chipukizi mpya zianze kutoa mizizi. Agawe kwa kisu kilichopitishwa motoni, kila kipande kibaki na mashina matatu au manne, apake unga wa mkaa kwenye jeraha na asimwagilie kwa wiki moja.

Mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila kuvu maalumu. Ndiyo maana fungu likibanduliwa, pengo lake halizibiki upesi. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeiweka okidi hii kati ya mimea inayokabiliwa na hatari ya kutoweka, na chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, haivushwi mpakani bila kibali. Mnunuzi atazame mizizi: ya kitaluni imekumbatia chombo, ya porini imekatwa, mara nyingi na gome likiwa limeng'ang'ania. Ukiona gome hilo, usinunue.

Wakulima wa maua,
Tanga