Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa kampuni iliyotengeneza simu yangu: turudishieni simu tulizonunua

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Kenya,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: PROGRAMU ZA SIMU KUANZA UPYA KILA MARA BAADA YA SASISHO LENU

Pokea salamu zangu za heshima. Jina la kampuni yako silitaji hapa kwa sababu ninachotafuta ni jibu wala si kuchafua sifa ya mtu, na wewe mwenyewe utaitambua barua hii, kwa kuwa malalamiko yaliyomo nimekwisha kuyaandika kwa baruapepe, nimeyaeleza kwa simu na kuyafikisha kwenye kaunta yenu ya huduma hapa katikati ya jiji. Kila mara nilipokewa kwa upole, nikashukuriwa kwa kuwa mteja mwaminifu, nikaambiwa nivute subira. Subira hiyo nimeivuta mpaka yaliponifika ya wiki iliyopita, na sasa naona ni haki yangu kusema mbele ya watu.

Mimi nashona na kuuza mapazia, Eastleigh. Wiki iliyopita hoteli moja iliwaalika wafanyabiashara wadogo kutoa bei ya mapazia ya vyumba vyake, na bei hizo zilitakiwa kujazwa kwenye tovuti yao kabla ya saa kumi na moja jioni. Vipimo vya madirisha vilikuwa kwenye ujumbe niliotumiwa, bei za vitambaa nilikuwa nazo kwenye picha, hesabu nilitakiwa kuifanya kwenye kikokotoo, na mwisho kabisa tovuti ilitaka nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Nikatoka kwenye fomu kwenda kusoma kipimo, nikarudi nikakuta fomu ni tupu. Nikaijaza tena, nikaenda kwenye kikokotoo, nikarudi nikaikuta tupu vilevile. Nikaamua kuandika kila kitu kwenye karatasi kwanza, nikajaza fomu yote kwa mkupuo mmoja bila kuiacha, nikafika kwenye ile nambari ya uthibitisho. Ujumbe ukaingia, nikaufungua, nikaisoma nambari, nikarudi: ukurasa ukaanza upya, na nambari niliyokuwa nayo haikukubaliwa tena kwa sababu ukurasa mpya ulidai nambari mpya. Saa ikafika, tovuti ikafungwa. Kazi hiyo ingewapa mafundi wangu riziki ya wiki kadhaa, na ilinibidi niwaambie kwamba haipo, tena kwa sababu ambayo hata wao hawakuielewa mpaka nilipowaonyesha simu.

Kwa manufaa ya wasomaji ambao hawajakumbwa na jambo hili, nieleze kidogo. Simu haiwezi kuziweka programu zote hai kwa wakati mmoja. Programu uliyoiacha kwa muda hubaki kwenye kumbukumbu ya muda, ile RAM inayoandikwa kwenye boksi la simu, na nafasi inapopungua mfumo wa simu huanza kuzifunga zile unazozihitaji kidogo zaidi kwa wakati huo. Ukirudi kwenye programu iliyofungwa hivyo, huikuti pale ulipoiachia. Inaanza mwanzo, inaita kurasa na picha upya kutoka kwenye intaneti, na mara nyingi maneno uliyoyaandika bila kuyahifadhi yamekwenda. Utaratibu huu ni wa miaka mingi na sina ugomvi nao. Simu yangu ina RAM ya GB 4, nami nilijua tangu nainunua kwamba haiwezi kubeba kila kitu. Ugomvi wangu ni kwamba kabla ya sasisho lenu simu hii ilibeba fomu, ujumbe, picha na kikokotoo kwa pamoja siku nzima bila kutetereka, na baada ya sasisho haiwezi kubeba hata viwili kati ya hivyo. Ni kama fundi ainuke kumpokea mteja mlangoni, akirudi kwenye cherehani akute uzi umechomolewa na kitambaa kimekunjwa kikarudishwa kabatini, na hivyo kila anapoinuka, kutwa nzima.

Wahudumu wako wameniambia kwamba kosa ni la watengenezaji wa programu, ambao wanapaswa kuhifadhi kazi ya mtumiaji kabla programu haijafungwa. Nakubali kwamba wana wajibu huo, na wengine hawautimizi ipasavyo. Lakini nina jambo ambalo wahudumu wako hawajalijibu hata mara moja. Mpwa wangu ana simu ya aina hiihii, tuliyoinunua duka lilelile la Luthuli Avenue, yenye RAM ileile, na ndani yake zimo programu zilezile ninazotumia mimi. Tofauti ni moja: yeye hakuwahi kuliweka sasisho hilo. Tukaziweka simu zote mbili mezani, tukafungua ukurasa mmoja, tukajaza maneno yaleyale, tukaenda kwenye ujumbe na kurudi. Yake ilikuwa na maneno yote. Yangu ilikuwa tupu. Ikiwa kosa ni la mtengenezaji wa programu, Bwana Mkurugenzi, kwa nini programu hiyohiyo inafanya kazi vizuri kwenye simu ambayo hamjaigusa?

Ushauri wenu wote nimeufuata. Niliambiwa nizime simu na kuiwasha, nikafanya. Niliambiwa nifute kashe ya kila programu, yaani data za muda inazojiwekea, nikafanya. Niliambiwa nizime hali ya kuokoa betri na niziruhusu programu ninazozihitaji zisiwekewe kizuizi, nikafanya, na hali ikabaki ileile. Mwisho nikaambiwa niirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, kazi iliyonigharimu bando zima la intaneti na jioni yangu yote, maana kila programu ilibidi ipakuliwe upya na kila nenosiri liandikwe upya. Programu ya benki ilikataa kufunguka mpaka niende tawini kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Baada ya yote hayo, fomu ya kwanza niliyoifungua ilipotea niliposoma ujumbe wa kwanza ulioingia.

Nikaomba basi nirudishiwe toleo la zamani la mfumo. Kaunta ikasema haiwezekani. Nikaenda kwa fundi wa simu ninayemwamini, akaniambia simu yenyewe imefungwa isikubali toleo lililopita, na kwamba kufuli hilo mmeliweka nyinyi kwa sababu za usalama. Sababu hizo nazielewa, kwa kuwa masasisho huziba mianya ambayo wezi wangepitia, na mimi ninayelipwa karibu kila senti kwa simu sina nia ya kubaki na mianya wazi. Lakini mkinifungia mlango wa kurudi nyuma, basi mmejitwika jukumu la kuhakikisha kwamba huko mbele mlikonipeleka ninaweza kufanya kazi. Hamwezi kunifungia mlango na papo hapo mkanitaka nivumilie.

Hapa naomba nikukumbushe ahadi zenu. Siku naichukua simu hii, muuzaji alinionyesha tangazo lenu lililosema kwamba itapata masasisho kwa miaka kadhaa na kwamba kila sasisho litaiboresha. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niongeze pesa na kuacha simu nyingine ya bei nafuu iliyokuwa pembeni yake. Siku ya sasisho, skrini iliandika kwamba simu itakuwa na kasi zaidi na utulivu zaidi. Haikuandika popote kwamba programu zitakuwa zikifungwa ovyo. Nilipolalamika, ofisi yako ilinijibu kwa maandishi kwamba tatizo limepokelewa na litarekebishwa katika sasisho litakalofuata. Sasisho hilo likaja. Lilileta mandhari mapya ya skrini na vibonzo vipya vya kutuma kwenye ujumbe. Tatizo langu halikuguswa, na nilipoandika tena nikapewa jibu lilelile, neno kwa neno, kama kwamba halijawahi kutolewa.

Chanzo hasa sikijui, kwa sababu hamjaniambia, nami nabaki kukisia. Huenda sasisho limeleta huduma mpya, kama yule msaidizi wa kuongea naye ambaye sikumwomba, zinazokalia RAM muda wote hata kama sizitumii. Huenda mmebana programu zilizoachwa pembeni ili betri idumu zaidi na mpate la kuandika kwenye matangazo. Lipo pia linalosemwa na wengi pale Luthuli, kwamba simu za zamani huzoroteshwa ili tununue mpya. Hili la mwisho sitaki kuliamini, lakini ukimya wenu ndio unaolilisha. Mngekuwa mmeeleza kwa sentensi mbili tu kilichobadilika, nisingekuwa na sababu ya kukisia.

Wala msiniambie kwamba jambo hili ni gumu kurekebishwa. Mwaka 2019, tarehe 28 Oktoba, kampuni ya Apple ilitoa toleo la 13.2 la iOS, mfumo wa simu zake za iPhone, na watumiaji wakaanza kulalamika juu ya jambo hilihili, kwamba programu na kurasa zinaanza upya punde zinapoachwa. Tarehe 7 Novemba, siku 10 baadaye, ilitoa iOS 13.2.2, na katika maelezo yake ikaandika wazi kwamba imerekebisha hitilafu iliyoweza kufanya programu zilizo nyuma zifungwe bila kutarajiwa. Kosa lilikiriwa na likatengenezwa. Na pale kampuni zinapolazimisha masasisho bila maelezo, ziko nchi zilizochukua hatua. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5, kwa kuwasukuma wateja waweke masasisho yaliyodhoofisha simu zao, bila kuwapa habari za kutosha wala njia ya kuirudisha simu katika hali yake ya awali. Ukisoma maneno hayo, Bwana Mkurugenzi, utaona hayako mbali na ninayoyalalamikia mimi.

Na sisi hapa hatukosi sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Iko pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Bado sijaenda kokote kushtaki, kwa sababu ningependa jambo hili limalizwe na wewe.

Ningependa pia uelewe kwamba katika jiji hili simu ndiyo ofisi ya watu wengi. Mama anayeuza mitumba Gikomba hana kompyuta nyumbani ya kujazia fomu. Kijana wa bodaboda anayenipelekea mizigo hufuata ramani kwenye simu yake, hupokea simu ya mteja njiani, na akirudi kwenye ramani anataka kuikuta pale alipoiachia, wala si kuanza kuandika anwani upya akiwa pembezoni mwa Jogoo Road, magari yanampita. Mzazi anayeomba cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hulazimika kutoka kwenye ukurasa ili alipe kwa M-PESA, kisha arudi kukamilisha. Shughuli zetu karibu zote ziko hivi: uanze hapa, uthibitishe pale, urudi hapa. Simu isiyoweza kusubiri mtu asome ujumbe mmoja haifai kwa maisha ya Nairobi, hata kamera yake iwe nzuri namna gani. Na kila programu inapoanza upya hula bando upya. Wateja wangu wakinitumia picha za madirisha, naziona zikipakuliwa mara nyingi kwa siku, kwa pesa yangu, ilhali nilikwisha kuzilipia asubuhi.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka mtueleze mlichobadilisha. Nilitaka mtupe mahali kwenye mipangilio ambapo mtu anachagua programu zisizofungwa, na chaguo hilo liheshimiwe, si kama lile la sasa ambalo nimeliwasha na halifanyi kitu. Nilitaka wahudumu wako waache kututuma kufuta kashe. Nilitaka fidia. Yote hayo bado nayataka, lakini nimechoka, na kama ni moja tu litakalofanyika nakuomba liwe hili: irudisheni simu iweze kuziweka programu zangu wazi kama ilivyokuwa inafanya kabla hamjaigusa, kwa sasisho jipya au kwa kuturuhusu turudi kwenye toleo la zamani. Njia ipi, mtaamua nyinyi.

Naomba unijibu kwa maandishi, na katika jibu hilo uandike tarehe ambayo rekebisho litatoka. Usiniandikie tena "sasisho litakalofuata", kwa kuwa hilo lilishapita. Anwani yangu mnayo, imo katika barua zote nilizokwisha kuwatumia. Nisipopata tarehe hiyo kabla mwezi huu haujaisha, nitaipeleka barua hii, pamoja na majibu yenu yote mliyonipa, kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na nitaomba simu yangu na ya mpwa wangu ziwekwe mezani mbele yao kama tulivyoziweka sisi nyumbani.

Wako kwa heshima,

Mshonaji na muuzaji wa mapazia,
Eastleigh, Nairobi.